Injini Inayotema Maji

Nilirudi nyumbani Kieni na injini ya boti nyuma ya lori, na watu wakanicheka kabla hata sijaishusha. Kutoka kwetu hadi ziwa la maana ni safari ya siku nzima. Tuko na mto mmoja tu, na ikifika Februari mtoto wa darasa la tatu anauruka bila kulowesha soksi. Jirani mmoja aliniuliza kwa upole kabisa kama boti yenyewe inakuja na lori la pili. Siku hiyo ndiyo nilianza kuitwa Kapteni. Mpaka leo nikienda sokoni Chaka kununua misumari, kuna mama mmoja wa viazi lazima aniulize kama mawimbi yametulia.

Wacha wacheke. Nilikuwa fundi wa boti huko Ziwa Victoria kwa miaka mingi, boti za dizeli za kubeba watu na mizigo kutoka kisiwa hadi kisiwa. Mwenye boti alipofunga kazi, alinipungia mkono na kuniambia nijichukulie injini moja ya silinda mbili. Wenzangu walichukua neti na makasia. Mimi nilichukua injini kwa sababu niliijua vizuri, na kwa sababu tayari nilikuwa na kazi ya kuipa nyumbani.

Kazi yenyewe ilikuwa baba. Mama alipofariki, baba aliketi chini na hakuinuka tena. Simaanishi alikuwa mgonjwa. Nilimpeleka hospitali Nyeri, wakampima kila kitu, wakasema mzee ana nguvu kuliko mimi. Lakini asubuhi alikuwa anatoka, anaketi kwenye veranda akiangalia geti, anakunywa chai yake, anarudi ndani jioni. Ukimwuliza kuhusu shamba anakwambia kesho. Huyu ni mtu ambaye zamani alikuwa anatuamsha gizani na kutukemea kwamba jua limetukuta kitandani. Mke wangu ndiye aliyesema, akiwa anamenya viazi na wala hakuinua kichwa, kwamba mzee hatainuka mpaka kuwe na kitu kinachomhitaji.

Chini kabisa karibu na mto tuko na nusu ekari ambayo baba na mama walikuwa wanalima vitunguu. Walikuwa wanainyunyizia kwa ndoo, yeye anachota, mama anamwagia, mwaka baada ya mwaka. Nikamwambia baba kwamba nitaweka injini pale chini, maji yatapanda yenyewe hadi kwenye matuta, yeye apande tu. Akaendelea kuangalia geti.  Siku ya tatu, tukila, akaniuliza mbegu nitatoa wapi, na ikiwa ni zile za dukani zilizokaa sana nisijisumbue. Nilitoka nje nikajifanya naangalia ng'ombe, asije akaona machozi yangu. Kwa hivyo mtu asiniambie kwamba vilikuwa vitunguu tu. Vikifa vile, baba angerudi kwenye kiti chake, na safari hiyo sikuona ni nani angeweza kumwinua.

Sasa nieleze injini, na nitaieleza vizuri kwa sababu siku ile nilipotakiwa kuieleza sikuieleza. Dizeli ambayo watu wetu wanaijua ni ile ya mashine ya posho, ya kusaga mahindi. Ile ina pipa la maji kando yake. Maji yanaingia kwenye injini, yanatoka yamepata moto, yanarudi kwenye pipa lile lile. Mwenye mashine anaongeza kibuyu kimoja jioni na maisha yanaendelea. Injini ya boti haina pipa. Inakunywa maji ya ziwa: yanapita kwenye chujio, yanavutwa na pampu ndogo yenye mabawa ya mpira, yanazunguka silinda kuzipoza, halafu yanatupwa nje pamoja na moshi kwenye ekzosi. Haiyataki tena. Kule ziwani ukiwasha injini, kitu cha kwanza ni kugeuka nyuma kuangalia kama inatema. Ikitema, nenda. Isipotema, izime haraka, maana ule mpira ukizunguka mkavu unaungua kabla hujamaliza kutukana.

Niliifunga juu ya magogo kando ya mto, nikaunganisha mkanda na pampu kubwa ya kupandisha maji shambani. Kwa ajili ya kuipoza nikaweka paipu ndogo peke yake, na chujio lake lenye kifuniko cha kioo, na valvu. Ile valvu ya boti, ya kishikio, ilikuwa imevunjika kwenye lori. Kishikio kikilala sambamba na paipu iko wazi, kikiikingama imefungwa, hata kipofu anajua kwa kupapasa. Chaka nzima sikupata kama hiyo. Nikanunua ile ya gurudumu inayofungwa kwenye nyumba, ambayo ukiiangalia huwezi kujua kama iko wazi, imefungwa ama iko nusu. Ziwani ningemfukuza kijana aliyeniletea kitu kama hicho. Hapa nikasema itafaa.

Siku ya kwanza ilikuwa sherehe. Injini ilishika, maji yakapanda, na baba alikuwa amesimama kwenye matuta na gambuti zake za mpira miguuni, akikimbiza maji kwa mguu na kucheka peke yake. Lakini wale waliokuja kutazama hawakuwa wanaangalia matuta. Walikuwa wameangalia ekzosi. Mwenye mashine ya posho, jirani yetu wa juu, mtu anayejua kila kitu, alitingisha kichwa akasema ati injini imetoboka, inatapika. Nilijaribu kueleza, lakini injini ilikuwa inapiga kelele, na mimi nikiulizwa swali la kijinga mbele ya watu nakuwa na maneno mafupi. Nikasema ndivyo ilivyo. Baba aliteremka akaja karibu, akaangalia yale maji yakirushwa, akaniuliza yanaenda wapi. Nikamwambia yanarudi mtoni, asijali, kisha nikageuka kukaza mkanda. Hayo ndiyo yalikuwa mafunzo yote niliyompa.

Na ni lazima ujue ni mtu gani alikuwa anaangalia maji hayo. Kwetu maji ya mradi yanakuja kwa bomba mara mbili kwa wiki, na wiki nyingine hayaji. Kwa baba, mfereji haufunguliwi wote, ng'o. Unafunguliwa maji yatoke membamba kama penseli, basi. Akiwa nje kwenye zizi alikuwa anaweza kusikia mfereji wa jikoni na kujua umezidishwa, na angekuja kuupunguza mwenyewe bila kusema neno. Maji ya kunawa yanaenda kwa sukuma wiki. Maji ya kuosha vyombo yanaenda kwa nguruwe. Mgeni akisuuza kikombe na kurusha yale maji uani, baba hatasema kitu, lakini mgeni huyo hasahauliki. Mke wangu ametoka Wang'uru, kwenye mpunga, ambako maji yanasimama shambani msimu mzima na watu wanatembea ndani yake tu. Wiki ya kwanza ya ndoa yetu alifungua mfereji wote kuosha sufuria. Mpaka leo anaikumbuka ile wiki.

Hata mto wenyewe hauchotwi ovyo. Wenye pampu tuko na kikundi, kila nyumba na zamu yake, na zamu yetu ilikuwa Jumanne na Ijumaa, saa kumi na mbili asubuhi mpaka saa sita. Kuna mzee mmoja anayeshika orodha, mtu wa haki sana na saa kubwa ya mkononi. Katikati ya mto kuna jiwe lililopakwa rangi nyeupe. Maji yakiacha miguu ya jiwe hilo, pampu zote zinazimwa mpaka mvua. Hapo hakuna kubembelezana, na watu wameshapigana kwa sababu ya jiwe hilo.

Ikawa wiki ya tatu injini ikaanza kupata moto. Si sana mwanzoni. Mshale unapanda, unakaa pabaya, unashuka kidogo. Nikafungua chujio nikakuta limejaa nywele. Nywele za karoti. Juu yetu kuna watu wanaosha karoti za soko, wanazimimina mtoni na magunia yake, wanazikanyaga kwa miguu mpaka zing'ae, na zile nyuzi, majani na matope yote yanateremkia kwangu. Nikasema nimempata adui yangu. Nikaosha chujio, baada ya nusu saa nikaosha tena. Nikafunga mdomo wa paipu kwa neti ya vitunguu, nikaongeza neti ya pili. Na bado mshale ulikuwa unapanda. Ilikuwa inaniudhi mpaka nikawa siwezi kula. Jumanne moja ilikuwa sawa, Ijumaa inachemka, na mimi ni fundi, haki ya nani, hii ndiyo kazi ya maisha yangu, na siwezi kuipoza injini moja ya silinda mbili kwenye mto baridi unaotoka mlimani.

Nilipanda juu kuzungumza na wale waosha karoti, na nilizungumza vibaya. Nilisema mto si sinki ya mama yao. Mkubwa wao ni mama mmoja mwenye aproni juu ya sweta, mikono imekunjwa mpaka kwenye viwiko. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza, akanijibu polepole:

"Tumeosha karoti hapa kabla hujaleta meli yako, Kapteni. Na mto haujawahi kutulalamikia."

Wenzake walicheka mpaka mmoja akaketi majini. Nikashuka nimechemka kuliko ile injini.

Nyuma kidogo, kabla injini haijaanza kupata moto, nilikuwa nimeona niko peke yangu na kazi ya watu wawili. Paipu za juu lazima zihamishwe kutoka tuta hadi tuta, na injini haiwezi kuachwa bila mtu. Nikamwomba baba akae pale chini aiangalie injini, nami niwe shambani. Alikubali upesi. Zamu iliyofuata alikuja na kigoda, kofia na chupa yake ya chai, akaketi karibu na injini. Kuanzia hapo akawa anaamka kabla yangu. Jumatatu jioni alikuwa ananikumbusha kwamba kesho ni zamu yetu. Mgeni akija, anaambiwa habari za injini kabla hajaulizwa habari za kwao. Nilimsikia siku moja akimweleza shemeji yangu jinsi inavyolia asubuhi kukiwa na baridi, na akaiiga kwa mdomo. Niliona nimefaulu. Kuna siku tulikuwa tunapanda kurudi nyumbani akaniambia, "Leo nimeitunza, haikupoteza maji mengi." Nikamwambia vizuri, Baba. Kichwani nilikuwa nahesabu nitabadilisha paipu ipi, maana siku hiyo tena ilikuwa imepata moto.

Ijumaa ile tuliposhuka, mwenye orodha alikuwa amesimama kando ya jiwe. Maji yalikuwa yamebaki kama upana wa vidole viwili. Akasema leo tumwagilie, lakini tusitegemee Jumanne. Vitunguu vilikuwa vimeanza kujaa. Ukivinyima maji wakati huo vinabaki vidogo, shingo nene, havitunziki. Vilikuwa vinataka kunywa mara moja tu, vizuri, ndiyo vifunge na kukomaa. Baba aliniangalia akasema, "Leo tusicheze." Nikaosha chujio, nikafungua valvu yote kwa mkono wangu, nikawasha, nikaona inatema vizuri, nikampiga baba begani nikapanda shambani.

Haikuisha nusu saa nikasikia sauti imebadilika, imekuwa nzito. Nikatupa paipu, nikashuka mbio, nikaanguka, nikainuka. Kwenye ekzosi hakukuwa na maji, ni mvuke tu, na harufu ya mpira ulioungua, na rangi ya injini ilikuwa imeanza kugeuka kahawia. Baba alikuwa amesimama, ana wasiwasi, ananionyesha kwa kidole. Nikaizima. Nikafungua chujio nikitarajia nywele za karoti, na nilikuwa tayari na matusi yake. Chujio lilikuwa safi. Safi kabisa, ungeweza kuchujia chai ya wageni. Nikafungua pampu ndogo nikakuta ule mpira hauna bawa hata moja.

Nilikuwa na mpira mmoja wa akiba. Nilichokonoa vipande vya ule wa zamani kwa waya, vidole vikiungua, jasho likiniingia machoni, na watu walikuwa wameshakusanyika maana sauti ya injini ikifa inasikika mpaka barabarani. Kila mtu alikuwa na ushauri. Mwenye mashine ya posho alisema alikuwa ameshasema. Mwingine alikuja na ndoo ya maji baridi anataka kuimwagia injini juu, na nilimwambia akithubutu nitamtupa mtoni yeye na ndoo yake, kwa sababu chuma cha moto ukikimwagia maji baridi kinapasuka. Mmoja aliona ni wakati mzuri wa kutukumbusha kwamba maji yakimwagika hayazoleki.  Sijamsamehe mpaka leo.

Nilipomaliza nikafungua valvu tena mpaka mwisho, kwa mazoea tu, nikawasha. Ikashika, lakini moshi ulikuwa mweupe. Nikavuta kijiti cha kupimia oili, na oili ilikuwa na rangi ya chai ya maziwa. Mtu yeyote wa injini anajua maana yake. Gasketi ya juu imeungua, maji na oili vimekutana. Nilikuwa nimeinama hapo na kile kijiti mkononi, nikijaribu kukataa nilichokiona, ndipo nikaona mkono wa baba ukipita mbele yangu. Ulikwenda kwenye gurudumu la valvu, ukalizungusha kulia, moja, mbili, tatu, taratibu, kama mtu anayefanya kazi aliyoizoea.

"Baba, unafanya nini?"

"Napunguza," akasema. "Umefungua yote."

Alisema kwa sauti ya kunisahihisha, ile ya zamani ya mfereji wa jikoni. Na hapo nikaelewa wiki zote. Kila nilipopanda shambani, alikuwa anapunguza. Siku maji ya mto yalipokuwa mengi, hayo membamba yalitosha. Siku yalipopungua, hayakutosha. Na mimi nilikuwa nakagua kila kitu isipokuwa valvu, kwa sababu valvu nilikuwa nimeifungua mwenyewe. Hakuwa amejificha. Alikuwa ameniambia kwa mdomo wake, njiani, kwamba ameitunza.

Ningeweza kuvuta pumzi. Ningeweza kuizima injini kwanza na kumvuta kando. Watu walikuwa kama kumi na watano pale ukingoni.

"Ni wewe," nikasema. "Wakati huu wote ni wewe. Umeniulia injini, Baba. Si ungeuliza? Kwa nini unashikashika vitu usivyovijua?"

Nilisema kwa sauti ya kushinda injini, kisha nikaizima injini na bado sauti ilikuwa juu. Hakuna aliyecheka. Baba aliondoa mkono kwenye valvu, akaupangusa kwenye suruali. Akasema, si kwangu hasa, kwamba yalikuwa yanamwagika bure. Nikamwambia ni ya mto, Baba, yanatoka mtoni na yanarudi mtoni, hakuna hata tone moja linalopotea. Aliangalia ile paipu ya kutolea maji, akaifuata kwa macho mpaka pale inapoingia mtoni, na nikaona kwamba hakuwahi kuelezwa hivyo mpaka akaelewa. Alichukua kigoda chake na chupa yake ya chai. Watu wakampisha. Akapanda kilima bila kupumzika mahali popote.

Mimi nilibaki na kile kijiti mkononi.  Aliyenishtua ni yule mama wa karoti, ameshuka na vijana wawili wamebeba pampu yao ndogo ya petroli, ile ya kusuuzia karoti mwishoni. Nilingoja anitukane, na ningemkubalia. Akaniambia:

"Zamu yenu bado iko na masaa matatu. Utasimama hapo ama utashika paipu?"

Nilishika paipu. Tulimwagilia tuta baada ya tuta, pampu ndogo ikilia, wale waosha karoti wakikimbiza maji kwa majembe, na ilipofika saa sita mwenye orodha aliangalia ile saa yake kubwa, akasema hajawahi kuiamini, ina kawaida ya kwenda mbele. Akaangalia pembeni mpaka tukamaliza. Kesho yake jiwe lilikuwa kavu na pampu zote zikazimwa. Yule mama nilimwomba msamaha palepale, na haikuwa ngumu. Alisema nywele za karoti zitaendelea kuja, ninunue neti nzuri.

Nyumbani mke wangu alikuwa ameshasikia. Kwetu habari zinafika kabla ya mwenyewe. Akaniuliza kama ni kweli nimemkaripia baba mbele ya watu, mbele ya mwenye mashine ya posho. Nikamwambia amechoma injini. Nikamweleza mpira, gasketi, oili, nikatembea jikoni nikieleza. Akaniacha nimalize, akaniuliza nani alimwambia baba maji yale ni ya kupoza.  Miaka yote kule ziwani, kijana akipanda boti mara ya kwanza nilikuwa namketisha na kumweleza safari yote ya maji, kutoka chujio mpaka ekzosi, kabla sijamruhusu kugusa kamba. Baba yangu mwenyewe nilimwambia asijali.

Nilikwenda kwake jioni ile ile. Alikuwa amevua gambuti, ameziosha, ameziweka ukutani. Nikamwambia anisamehe, nilikosa, kosa lilikuwa langu tangu mwanzo. Akasema hakuna neno. Akasema ni kweli hakujua. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, anirushie maneno, aniambie mimi ni mtoto wa jana. Ningeyapokea kwa furaha. Aliniuliza tu kama nimekula.

Vitunguu vilifunga, vikawa vizuri. Vyekundu, vigumu, shingo nyembamba. Mfanyabiashara kutoka Kagio alikuja na pikapu akavichukua, akauliza mkulima ni nani. Nilipanda nyumbani kumwita baba aje aone mavuno yake. Akasema atakuja. Tulipakia mpaka gunia la mwisho, nikawa naangalia njia, na hakuja. Nilimpelekea gunia moja la nyumbani nikamkuta pale pale kwenye veranda. Akanisifu. Kisha akaniuliza ningependa aliweke wapi.

Injini ilitengenezwa. Fundi wa Nyeri alisawazisha kichwa cha injini, tukaweka gasketi mpya, mpira mpya, na valvu ya kishikio niliyoagiza kutoka kule ziwani. Mvua zilipokwisha nilimwuliza baba mwaka huu tupande nini, akanijibu kwamba mimi ndiye ninayejua. Siku ya kuwasha nilimbembeleza mpaka akashuka na mimi. Hakukuwa na mtu mwingine, nilihakikisha. Nilimweleza yote, polepole, nikipitisha kidole changu kwenye paipu: yanaingia hapa, yanachujwa hapa, yanazunguka hapa, yanatupwa hapa, yanarudi mtoni. Alikuwa ameweka mikono nyuma, kama watoto wanavyofanya ofisini kwa mwalimu mkuu, na aliitikia kila mahali panapostahili kuitikiwa. Nikamwambia yeye ndiye atakayefungua. Akaniuliza kama nina hakika. Alifungua yote, injini ikatema, na nilimwangalia usoni nikitafuta ule uso wa siku ya kwanza. Alirudi hatua mbili, akaweka mikono nyuma tena, akauliza kama sasa anaweza kwenda nyumbani.

Nimejaribu kila kitu. Nimemwachia makusudi vitu vya kutengeneza: ua limeinama, kuku wako nje. Anaviona. Anakuja kuniambia ameviona.

Wiki iliyopita asubuhi alikuja mlangoni kwangu, tukiwa tunakunywa chai. Alikuwa amevaa gambuti. Nusura nimwage kikombe kwa furaha. Akavua kofia, akaniuliza kama anaweza kuchukua jembe stoo. Jembe lenyewe ni lake, mpini alichonga mwenyewe, na stoo aliijenga kabla sijazaliwa. Nikamwambia, "Baba, jembe ni lako." Akasema anajua ni lake, lakini ni vizuri kuuliza. Akabaki amesimama pale mlangoni, kofia mkononi, mpaka nikasema ndiyo.